Akriliki yangu inabanduka

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nachora mitumbwi na akina mama wanaoanika dagaa hapa Mwaloni, Mwanza. Siku zote natumia rangi ya mafuta ya makopo kwenye hadibodi, maana nampenda mno mchoraji Tingatinga. Juzi nimepata akriliki, nikaipaka juu ya mchoro wa zamani ili ubao usipotee. Ilikauka upesi, kisha ikabanduka vipande vipande. Na ziwa langu limetoka bapa, halina uhai. Nirudi kwenye makopo?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usirudi bado.

Kubanduka kuna sababu. Rangi ya mafuta ikikauka huacha uso unaoteleza, na akriliki, ambayo huchanganywa kwa maji, haishiki hapo. Mafuta juu ya akriliki inawezekana. Akriliki juu ya mafuta, hapana. Tafuta ubao mtupu, piga msasa, paka praima ya maji, yaani rangi ya msingi, basi.

La ziwa ndilo limenigusa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli. Rangi ile ni nzito na inang'aa, inapendeza ikitandazwa bapa na kuzungushiwa mstari mkali. Uzuri wake mwingi umetoka humo. Wewe umeuchukua mtindo huo ukaupeleka kwenye rangi yenye tabia nyingine kabisa! Akriliki inataka mikono mingi myembamba, yaani matabaka mepesi ya rangi. Mimi hukaa jioni ng'ambo ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapo Mwanza: naanza na kijivu cha majimaji, kikikauka napitisha kijani chepesi, halafu bluu, na kila mkono nauacha wa chini uonekane. Mng'ao wa jua naumalizia kwa brashi karibu kavu. Jaribu kwanza pembeni, kwa sababu akriliki hukoza kidogo ikikauka.

Kwa wale akina mama, mtazame mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame. Alisoma Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, na bado akaendelea kuchora watu wa vijijini kwao wakifanya kazi pamoja. Nampenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Usinakili picha yake nzima. Chukua penseli, fuatilia tu watu wamepangwaje: nani kainama, nani kasimama, nafasi gani imeachwa kati yao. Kisha nenda Mwaloni na daftari hilohilo, uwapange wa kwako.

Nitumie picha ya ubao mpya kabla hujaumaliza, ukiwa kwenye mkono wa pili au wa tatu. Hapo ndipo naweza kukusaidia.