WinRAR, 7-Zip au ZIP ya Windows? Jibu kutoka dukani kwangu, Lubumbashi

Ndugu wa Kolwezi, umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja. Kwanza, kati ya programu za kubana faili, yaani WinRAR, 7-Zip na ile ZIP iliyomo ndani ya Windows, ipi uiweke kwenye kompyuta ya ofisi yenye Windows 10 na RAM ya GB 4. Pili, kwa nini video zako za harusi hazipungui hata ukizibana vipi. Tatu, kama ni salama kubana nyaraka za zamani kisha ukazifuta zile za awali ili diski ipumue. Hilo la tatu ndilo lililonikalisha kitako kuandika, maana mimi nimeshalilipia.

Nina duka dogo la kuchapa, kuskani na fotokopi katika komini ya Kenya (Kenya yetu sisi ya hapa mjini, wa Nairobi wasije wakaidai). Wateja wangu ni wanafunzi wenye TFC zao (zile kazi za kuandika za kumaliza masomo), mawakala wa forodha, wapiga picha wa harusi, na makanisa. Kila siku nafunga na kufungua vifurushi vya faili, na vingi naletewa vikiwa vimeshaharibika.

Kwa mwenye haraka: weka 7-Zip, lakini ukimtumia mtu, mtumie ZIP. Wenye nafasi tuendelee.

Nianze na video. Watu wengi hudhani kubana faili ni kama kukalia sanduku la nguo mpaka lijifunge. Sivyo. Programu haikandamizi kitu, inatafuta yanayojirudia. Chukua orodha ya wakala wa forodha ambamo neno Kasumbalesa, mji wetu wa mpakani, limeandikwa mara elfu nne. Mara ya kwanza programu inaliandika lote. Mara zinazofuata inaacha kijikaratasi tu: rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi 11. Wazo hilo lilitolewa na Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977, na mpaka leo ndilo lililo tumboni mwa ZIP, RAR (ya WinRAR) na 7z (ya 7-Zip). Juu yake huongezwa hila nyingine, ya kuzipa alama fupi herufi zinazotokea sana na alama ndefu zile za nadra.

Sasa video ya MP4 na picha ya JPEG zimeshabanwa na kamera yenyewe, kwa ustadi kuliko programu yoyote ya vifurushi. Hakuna kinachojirudia kilichobaki. Ni kukamua nguo iliyokwisha kukauka. Niliwahi kuipa 7-Zip folda ya picha za harusi, GB 8, nikaweka kiwango cha juu kabisa, kompyuta ikahema dakika arobaini na kitu, na nilichookoa hakikufika hata MB 100. Kwa folda kama hizo chagua kiwango cha chini kabisa, kile cha kupakia bila kubana: unapata faili moja ya kubeba, na inaisha upesi. Kama unataka video yenyewe iwe ndogo, hiyo ni kazi nyingine, ya programu ya video iitwayo HandBrake, na ujue ubora utapungua.

Jambo hilohilo huwakuta wanafunzi. Analeta TFC ya MB 60, "papa (yaani baba), nibanie hii iingie kwenye barua pepe." Namwonyesha kiini macho: nachukua nakala ya faili yake ya .docx, nabadilisha mwisho wa jina uwe .zip, naifungua. Mle ndani kuna folda inaitwa word, na maandishi yake makuu yako kwenye document.xml. Yaani .docx tangu Office 2007 ni ZIP iliyovaa koti. Utaibanaje mara ya pili? Kilicho kizito ni picha alizozipachika, na dawa ni kuzipunguza picha hizo ndani ya Word kwenyewe.

Vinavyopungua kweli ni maandishi matupu, orodha za CSV, hifadhidata zilizotolewa kama maandishi, na skani za TIFF ambazo hazijabanwa. Hapo 7z inaishinda ZIP waziwazi. Na ndipo nilipojikwaa.

Papa mmoja, wakala wa forodha, aliniletea maboksi ya karatasi za miaka kadhaa. Nikaskani kila kitu kwa TIFF, GB 21. Nikabana kwa 7z, kiwango cha juu, nikapata kama GB 9. Flashi aliyoleta ilikuwa ya GB 16, nafasi ipo, ila ilikuwa na mfumo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Nikakigawa kifurushi vipande vitatu: .001, .002, .003. Mpaka hapo sikukosea.

Nilikuwa nanakili kipande cha tatu umeme ukakatika. Onduleri (UPS, ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika) ilikuwepo, lakini betri yake ilikuwa imekufa zamani, imebaki pambo la mezani. Umeme uliporudi nikachomeka flashi, nikaangalia: faili tatu zimo, majina sawa, ukubwa uleule. Nikasema, kumbe ilimaliza. Diski yangu ilikuwa imejaa hadi mstari wa Windows umekuwa mwekundu, na mteja mwingine amesimama mlangoni na karatasi zake za kuskani. Nikafuta folda ya TIFF. Nikafuta na vile vipande vitatu. Flashi ikapanda gari kwenda Kasumbalesa jioni ileile.

Asubuhi kijana wa ofisi yao akapiga simu: "Yaya, hii kintu haifunguke."

Sababu nilikuja kuielewa baadaye, na inafaa kila mwenye kuhifadhi nyaraka aijue. Kwanza, Windows inaponakili faili kubwa huweza kutenga nafasi yote mapema, kwa hiyo ukubwa unaouona si ushahidi kwamba yaliyomo yameshafika. Pili, 7z huweka orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa mwa kifurushi. Mwisho ukiharibika, programu haijui hata kuna faili ngapi, inakuambia tu kwamba hicho si kifurushi. Vipande viwili vyangu vya mwanzo vilikuwa vizima, karibu GB 8 za karatasi za watu, na havikunifaa kitu. ZIP nayo ina orodha mwishoni, lakini kila faili ndani yake imebeba pia kitambulisho chake mbele, hivyo ZIP iliyokatika mkia mara nyingi unaweza kuiokoa sehemu iliyosalia. RAR vilevile.

Tena kuna jambo la kubana kwa pamoja. Ili ipungue sana, 7z kwa kawaida huchukua faili nyingi na kuzibana kama mkate mmoja. Ndiyo maana inakuwa ndogo. Lakini kidonda kimoja katikati ya mkate kinaweza kula faili zote zinazokifuata, na ukitaka faili moja tu ya mwishoni, kompyuta lazima ipitie zote zilizotangulia. Kuna mahali pa kuzima hilo kwenye dirisha la 7-Zip, na kwa nyaraka za kudumu mimi huzima.

Karatasi zenyewe, namshukuru Mungu, yule papa hakuwa amezichoma. Niliskani upya majuma matatu bila kulipwa, huku akija kila Jumamosi kukaa kwenye kiti cha plastiki na kunitazama bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo nikipima programu hizi siku hizi sianzi na nani anabana zaidi. Nauliza: yule wa upande wa pili ataifungua bila kunipigia simu? Na ikijeruhiwa njiani, nitaokoa nini?

WinRAR kwa swali la kuokoa haina mpinzani kati ya hizi tatu. Ilitengenezwa na Eugene Roshal, na RAR ina kitu wenzake hawana: unaweza kuongeza data za uponyaji, tuseme asilimia 3, na kifurushi kikichubuka kidogo kinajitibu. Kwa vifurushi vya vipande kuna faili za .rev: ukiwa nayo moja, kipande kimoja kilichopotea kinajengwa upya. Ningekuwa na .rev moja siku ile, ningelala. Ubaya wake, ni ya kulipia. Siku 40 za majaribio zikiisha inaendelea kufanya kazi huku ikikukumbusha, na sote tunajua watu wanavyolifunga lile dirisha miaka nenda rudi, lakini wewe umesema ni ofisi, basi nunueni leseni. Pia haijisasishi yenyewe. Mwaka 2023 ilipatikana tundu ambayo ukibofya picha ndani ya kifurushi ulikuwa unaendesha programu ya mwizi, ikazibwa katika toleo 6.23. Julai 2025 ikazibwa nyingine katika toleo 7.13. Kompyuta nyingi ninazoletewa bado zina 5 na kitu.

7-Zip ya Igor Pavlov ipo tangu 1999, ni bure hata kwa ofisi, inafungua karibu kila kitu pamoja na RAR (kuitengeneza RAR haiwezi). Sura yake ni ya zamani, vitufe kama vya Windows 98, usiogope. Nayo haijisasishi: hakikisha una toleo jipya kabisa, kwa sababu matoleo ya kabla ya 24.09 yalikuwa na kosa la kupoteza alama ya onyo ambayo Windows huweka kwenye faili zilizotoka intaneti. Ichukue 7-zip.org tu, si kwenye tovuti zinazofanana jina, wala kwenye flashi ya rafiki.

ZIP ya Windows yenyewe inatosha kwa mambo madogo. Kwenye Windows 10 yako haifungui RAR wala 7z, na haiweki neno la siri. Windows 11 ndiyo iliyoanza kufungua hizo mbili mwaka 2023. PeaZip, programu nyingine ya bure, ni nzuri pia, ila kwako haina cha kuongeza.

Kwa nini basi nasema utume ZIP? Phil Katz alipoitoa mwaka 1989 aliacha muundo wake wazi kwa kila mtu, kwa hiyo leo inafunguka kila mahali. Wateja wangu zaidi ya nusu wanafungulia kwenye simu ya Android. ZIP inafunguka hapohapo. Ukimtumia 7z, itabidi atafute programu, ale mega zake, na mwishowe akupigie wewe. Usitume pia kifurushi kinachojifungua chenyewe cha .exe, barua pepe nyingi zitakikataa, na mtu mwenye akili atakiogopa.

RAM yako ya GB 4: usiweke kiwango cha juu kabisa. Kinachokula RAM ni ukubwa wa kamusi, yaani umbali ambao programu inakumbuka nyuma. Kubana kunahitaji RAM mara kumi hivi ya kamusi au zaidi, kufungua kunahitaji kidogo tu. Dirisha la 7-Zip linakuonyesha hesabu zote mbili kabla hujaanza. Weka kiwango cha kawaida, kamusi ya MB 16 au 32, na kompyuta itaendelea kukubali kufungua Excel.

Neno la siri: ukichagua ZIP ndani ya 7-Zip, njia inayowekwa bila kuuliza ni ZipCrypto, ambayo ni kufuli ya bati. Badilisha iwe AES-256, ukijua kwamba Windows 10 peke yake haitaifungua, mpokeaji awe na 7-Zip au WinRAR. Na hata hivyo ZIP inaficha yaliyomo, haifichi majina ya faili. Mtu ataona "mishahara_Machi.xlsx" hata kama hawezi kuifungua. Kwa mambo ya mishahara tumia 7z na uweke alama pale pa kuficha majina. Neno lenyewe mwambie kwa simu, usiliandike kwenye WhatsApp ileile uliyotumia faili.

Kitu kimoja ambacho hukuuliza lakini kitakukuta, maana nasi tunaandika Kifaransa ofisini: padri mmoja alitumiwa ZIP kutoka kwenye Mac, akakuta faili zinaitwa "Proc├¿s-verbal". Akadhani ni virusi. Ni herufi zenye alama tu: upande mmoja umeandika majina kwa UTF-8, upande wa pili umeyasoma kwa mpangilio wa zamani wa Windows. Ukitengeneza ZIP kwa 7-Zip, kwenye kisanduku cha vigezo andika cu=on, nayo itaandika UTF-8 na kuitangaza. Mimi nimechoka, naita faili "pv_2024-05-17" nikamaliza.

Na lile swali la kufuta za awali. Ninavyofanya sasa: nabana, nanakili kwenye flashi au diski ya nje, nachomoa, nachomeka tena, kisha nabonyeza kitufe cha kujaribu cha 7-Zip juu ya nakala ile iliyoko nje, si ile ya kwenye diski yangu. Inaposema hakuna kosa, nafanya nakala ya pili kwenye kifaa kingine, najaribu na hiyo. Halafu nafuta, tena kesho yake, si siku ileile yenye mteja mlangoni. Onduleri nilinunua betri mpya.

Ukikwama kwenye ile cu=on, weka hapa picha ya dirisha lako niitazame.