Bomba la Hoima hadi Chongoleani: kwa nini lipashwe moto njia nzima?

Mkuu, umeuliza kwa nini bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga lipashwe moto njia nzima wakati Tanga yenyewe ni joto, na kama pampu kubwa zisingetosha. Swali zuri sana. Jibu lipo kwenye mnato, yaani ukinzani wa kimiminika kutiririka, na mimi kama fundi wa injini za boti hapa Tanga naushika kwa mikono kila nikimwaga oili.

Fungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) asubuhi, injini imelala usiku kucha: oili inatoka kivivu, uzi mwembamba, na nyingine inabaki imeng'ang'ania ndani. Washa injini ipate moto kidogo, zima, kisha fungua. Inamwagika kwa kasi na kubeba uchafu wote. Oili ni ileile, kilichobadilika ni joto.

Kimiminika bombani hakiendi kwa mkupuo mmoja. Tabaka linalogusa ukuta halisogei, la katikati ndilo linalokimbia, na kati ya hayo mawili tabaka zinasuguana. Ukinzani huo ndio mnato. Usiuchanganye na uzito wa mizani: mafuta ya kula yanaelea juu ya maji, ila mnato wake ni mara makumi ya ule wa maji. Kimiminika kikipata joto, mnato hushuka.

Sasa, mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Unayajua mafuta ya nazi: asubuhi za kipupwe, joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, yanaganda chupani mpaka uyaweke juani. Haya ya Hoima huganda kwenye joto la juu zaidi ya hapo. Hata jua letu la mchana haliyatoshi. Na bomba lenyewe ni kilomita 1,443, la kufukiwa udongoni. Ukiyapasha Hoima tu, yatapoa njiani. Ndiyo maana likawekewa kihami joto na nyaya za umeme, mafuta yabaki juu ya nyuzi 50.

Kuhusu pampu kubwa: nta ikiganda ukutani inabana njia, na hapo hesabu ni kali mno. Kwa mtiririko mtulivu (tabaka zikiteleza bila kuvurugana), kipenyo kikipungua nusu, unahitaji presha mara 16 kupitisha kiasi kilekile. Mafuta yakisimama yakapoa kabisa ndiyo balaa zaidi, maana pampu itakuwa inasukuma kitu kilichoganda, na bomba lina kikomo cha presha linayoweza kuhimili.