NSE ya mama imesoma 41: je, neva zinakufa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 58, ana kisukari mwaka wa nane sasa. Usiku miguu inamuwaka moto na nyayo zina ganzi. Kijana anayeuza virutubisho hapa Kasulu alimtoa damu nyumbani asubuhi, akapanda nayo basi hadi Kigoma mjini, kisha ikatumwa Dar es Salaam. Majibu ya enolesi ya neva (NSE) ni 41, kikomo 16. Anasema seli za neva zinakufa, tununue dozi ya miezi mitatu halafu tupime tena. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Msinunue. Na hiyo 41 msiibebe kama hukumu, kwa sababu kwa safari uliyonieleza, damu ile ilishaharibika kabla haijafika mjini.

Majibu ya namna hii naletewa mara kwa mara hapa maabara, na kila mara kosa ni lilelile. Watu wanaambiwa enolesi hii, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli), ni ya neva, basi ikipanda wanajua neva zinakufa. Lakini kimeng'enya hiki kimo pia ndani ya chembe nyekundu za damu na chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda). Damu ya kipimo hiki huachwa igande kama nusu saa, ikazungushwa kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji, na seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) ikatenganishwa ndani ya saa moja hivi. Ikikaa kwenye mkoba, ikatikiswa barabarani, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga enolesi yake kwenye seramu. Seramu ikiwa na wekundu, maabara makini huikataa. Chembe sahani ni mbaya zaidi, maana zinavujisha bila kuacha rangi yoyote ya kukushtua.

Sasa angalia mtego ulivyo, na hapa ndipo ninapokasirika. Baada ya miezi mitatu mama atatolewa damu ya pili. Ikitolewa vizuri na kutenganishwa mapema, itasoma 12 au 13. Kijana atashangilia kuwa neva zimepona! Mama atakuwa na ganzi ileile, ila atakuwa ameamini chupa, na pengine ameacha vidonge vya sukari. Nimeona mguu ulioletwa hospitali kwa njia hiyo, kidonda kimefika mfupani.

NSE ina kazi yake. Hufuatilia saratani ya mapafu ya chembe ndogo na nyuroblastoma, saratani ya watoto inayoanzia kwenye seli changa za neva. Kwa mgonjwa ambaye moyo ulisimama ukarudishwa na bado hajazinduka, ikizidi mikrogramu 60 kwa lita saa 48 hadi 72 baadaye, madaktari huipima pamoja na dalili nyingine kujua ubongo umeumia kiasi gani. Ganzi ya nyayo haimo humo. Hata damu ingetunzwa vizuri kabisa, kipimo hiki kisingemjibu mama.

Mpeleke kliniki ya kisukari. Watamgusa nyayo kwa uzi maalumu, watampima sukari ya miezi mitatu (HbA1c), na kama anatumia vidonge vya kisukari vya metformin kwa miaka, ulizia vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuishusha. Vidonge asiache. Miguu asiikande kwa maji ya moto. Mwenye ganzi huungua asijue.

Lugha yetu nayo inawasaidia matapeli. Tunasema "mishipa" kwa neva, kwa njia za damu, hata kwa ngiri, na anayeuza "dawa ya mishipa" anawauzia wote watatu chupa moja. Wengine hawatoi hata damu: unashika kirungu cha chuma, kompyuta inatoa kurasa nzima za ini, figo na neva. Kifaa hicho hakipimi kimeng'enya chochote.

Kijana akirudi, muulize maswali mawili tu: seramu ilitenganishwa saa ngapi, na nani aliitazama rangi yake?