Maswali ya wasomaji: Yakko, Wakko, Dot na wenzao wa Animaniacs

Maswali ya safari hii karibu yote yamekuja juu ya katuni moja tu, Animaniacs ya Marekani, tena wengine wameandika kwa hasira kabisa, basi nimeona niyajibu kwa pamoja.

SWALI: Habari mhariri. Nyumbani tunabishana kila siku, mke wangu anasema Yakko, Wakko na Dot ni mbwa, mimi nasema paka, mtoto anasema nyani. Tusaidie tupumzike.

JIBU: Kaka hapo hakuna aliyepatia, na hata mkiangalia episodi zote 99 hamtapata jibu maana waandishi waliamua kwa makusudi wasiseme, wale ni ndugu wa Warner basi. Historia yake ni kwamba Tom Ruegger, ndiye aliyewabuni, mwanzo alitaka wawe bata, wazo ambalo alikuwa nalo tangu filamu aliyoichora akiwa mwanafunzi, ila kipindi hicho TV ilikuwa imejaa bata wa katuni kila kona, kwa hiyo akarudi nyuma kwenye michoro ya miaka ya 1930, ile ya mwili mweusi, uso mweupe na glavu nyeupe, akawaongezea pua nyekundu. Na hadithi yao ndani ya katuni imejengwa hapohapo, kwamba walichorwa 1930, wakawashinda mabosi kwa utundu, wakafungiwa kwenye mnara wa maji wa studio ya Warner Bros. mpaka walipotoroka miaka ya 1990. Tabia zao Ruegger alizichota kwa wanawe watatu, na mimi naamini ndo maana ugomvi wao unaingia akilini, kaka mkubwa Yakko ana mdomo, wa kati Wakko anakula kila kitu hata meza, wa mwisho Dot anajua kabisa kwamba ni mzuri na atakuambia.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi nampenda Brain kuliko wote lakini rafiki zangu wanasema ile ni katuni nyingine siyo Animaniacs. Halafu ile sauti yake nzito ni ya nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote mko sawa. Pinky na Brain, wale panya wawili wa maabara ambao kila usiku wanapanga kutawala dunia na kila asubuhi wanarudi kwenye kizimba, walianza 1993 kama kipande ndani ya Animaniacs, watu wakawapenda mno, 1995 wakapewa kipindi chao wenyewe. Na jambo ambalo wengi hawalijui, wale panya wana watu halisi nyuma yao, wachoraji wawili waliokuwa wanafanya kazi pamoja, Tom Minton na Eddie Fitzgerald, na yale maneno ya ajabu anayoropoka Pinky mengine yalikuwa yanatoka mdomoni kwa Fitzgerald kabisa kazini.

Sauti ya Brain ni ya Maurice LaMarche, na anamuiga Orson Welles, yule mwigizaji na mwongozaji mkubwa wa sinema. Sasa hapa ngoja nikuambie kitu ambacho mimi nakipenda sana. Welles uzeeni alikuwa anarekodi matangazo ya biashara, kuna siku alirekodi tangazo la njegere za kugandisha, akawa anagombana na watu wa studio juu ya kila mstari, ile kanda ikavuja na watu wa sauti wakawa wanaisikiliza miaka na miaka. LaMarche alikuwa anatumia maneno yake kujaribia maikrofoni kabla ya kazi. Basi waandishi wakaichukua, wakatoa matusi, wakatengeneza kipande kizima ambacho Brain yuko studio anasoma tangazo, anafika katikati ya sentensi, anasimama, anaanza kuwaeleza kwamba sentensi hiyo haisemeki. Mtoto anayeangalia hajui chochote kuhusu Welles, anacheka tu kwa sababu kapanya kadogo kana hasira kubwa, na mzazi pembeni anacheka kwa sababu anaijua kanda. Hapo ndo ukubwa wa Animaniacs ulipo kwangu mimi, hawakumshushia mtoto chochote, wala hawakumsubiri akue.

SWALI: Mwanangu wa darasa la nne ameshika wimbo wa Yakko wa nchi za dunia wote, anauimba bila kupumua. Naweza kumwacha ajifunzie jiografia?

JIBU: Mwache aimbe dada, ila ramani ya kusomea mtafutie nyingine. Ule wimbo aliuandika Randy Rogel, wazo lilimjia wakati anamsaidia mtoto wake kusoma jiografia, akaona majina ya nchi yanaingiliana vizuri, akayaweka juu ya muziki wa dansi ya kienyeji ya Mexico, na Yakko anasimama mbele ya ramani na fimbo anagonga nchi moja baada ya nyingine mpaka unachoka wewe unayemwangalia. Lakini ni wa 1993, kwa hiyo Zaire bado ipo, Czechoslovakia ipo wakati ilikuwa imeshagawanyika tangu Januari mwaka huohuo, halafu kuna Hong Kong na Puerto Rico na hata Transylvania ambazo siyo nchi kabisa, zimeingia maana mdundo ulizihitaji. Mpe mwanao kazi ya kutafuta yaliyokosewa, atajifunza zaidi hapo kuliko kuimba tu.

Na aliyeimba, Rob Paulsen, ndiye huyohuyo Pinky, ndiye huyohuyo Dokta Scratchansniff, yule daktari wa akili wa studio kwenye katuni, watu watatu koo moja. 2016 aligundulika ana saratani ya koo, mtu ambaye kula yake inatoka kooni, akatibiwa, akapona, na katuni iliporudi 2020 alirudi kwenye nafasi zote tatu. Mimi nikimsikiliza Yakko wa 2020 hilo halinitoki kichwani.

SWALI: Mbona hiyo ya 2020 haina Slappy? Nimeangalia mpaka mwisho nimekata tamaa.

JIBU: Na mimi limeniuma. Ile iliyorushwa Hulu, mtandao wa video wa Marekani, 2020 mpaka 2023 ilibaki na ndugu watatu na panya wawili, basi, wengine wa zamani karibu wote wakakosa vipande vyao. Slappy yule kindi bibi mwenye hasira za msanii mstaafu, sauti ya Sherri Stoner ambaye pia alikuwa anaandika skripti, na Rita paka wa mtaani anayeimba kwa sauti ya Bernadette Peters, na wale njiwa wanaokaa juu ya sanamu ya Martin Scorsese, mwongozaji wa sinema, na Chicken Boo, kuku mkubwa anayevaa suti na watu wote wanaamini ni mtu isipokuwa mmoja ambaye hasikilizwi. Raha ya ile ya zamani ilikuwa hujui dakika inayofuata nani anaingia, na Richard Stone na wenzake walikuwa wanamwandikia kila mmoja muziki wa namna yake, unapigwa na orkestra ya watu kweli. Ukibakisha makundi mawili unabaki na katuni nzuri, siyo onyesho. Kama unamtaka Slappy rudi kwenye ya 1993, anza na kipande chochote ambacho yuko na mpwa wake Skippy.