Wasomaji Wanauliza: Sanaa ya Vyuma Chakavu

SWALI: Wahariri, salaam. Mimi ni fundi wa mageti na grili. Nimeanza kutengeneza samaki na ndege wa vyuma chakavu, na hoteli moja ya ufukweni ilinunua kwangu samaki sita wa ukutani. Haijapita miezi mitatu, wameshika kutu na ukuta umechirizika rangi ya chai. Nilipaka vanishi mara mbili. Nimekosea wapi? (Fundi, Tanga)

JIBU: Ndugu fundi, kosa kubwa ni vanishi. Nje, na hasa karibu na bahari, vanishi peke yake juu ya chuma kitupu haidumu. Upepo wa pwani hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu hata kama mvua haijanyesha, na kutu hutambaa chini ya vanishi mpaka ianze kubanduka.

Fanya hivi. Gonga magamba yote ya kuchomelea, kisha piga burashi ya waya ndani ya kila kona. Futa mafuta kwa tina; cheni na beringi za zamani zimejaa grisi, na rangi haishiki juu ya grisi. Osha kwa maji yasiyo ya chumvi na sabuni ili kuondoa chumvi, suuza, kausha juani, halafu paka praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Chuma kilichosafishwa kikilala usiku mmoja Tanga, asubuhi kimeshapata wekundu. Praima mikono (matabaka) miwili, rangi ya mafuta mikono miwili, na kila mkono ukauke sawasawa kabla ya unaofuata.

Tazama pia maungio. Vipande viwili vilivyolaliana na kushikwa kwa nukta tatu za moto huacha mwanya, maji huingia humo na kutu huanzia ndani, ambako burashi yako haifiki. Chomelea ukingo wote. Tumbo la samaki likiwa na uwazi, toboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke. Nyuma weka vipande vya kumtenga na ukuta vya sentimita 2, samaki asilale juu ya ukuta.

Mteja akitaka chuma chenye sura yake ya asili, mwuzie cha kuweka ndani, kilichopakwa nta ya nyuki, na umwambie wazi kwamba hakiwekwi barazani.

SWALI: Duka la zawadi linataka kuuza ndege wangu kwa kamisheni ya asilimia 30. Nipange bei vipi? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Tuseme ndege mmoja anakula chuma cha shilingi 4,000, elektrodi, diski za grainda na umeme 3,000, rangi 3,500, na saa 5 za kazi kwa 3,000 kila saa. Jumla 25,500. Ongeza 2,500 za uchakavu wa mashine: 28,000. Hapa ndipo wengi huumia: huongeza asilimia 30 na kuandika 36,400. Duka likikata asilimia 30 ya bei hiyo, mkononi unabaki na 25,480, yaani umefanya kazi kwa hasara. Gawanya 28,000 kwa 0.7. Bei ya dukani ni 40,000. Na bei hiyo hiyo iwe kwako karakana, la sivyo duka litakurudishia mzigo.

Mgeni anayesafiri kwa ndege huhesabu kilo za begi, kwa hiyo ndege wako wa chuma wa kilo moja huuzika haraka kuliko wa kilo nane.

SWALI: Kuna vyuma vya kuepuka? (Kijana, Morogoro)

JIBU: Vipo. Bati na mabomba yenye zinki: moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka jioni yake, hivyo ondoa zinki kwanza kwa msasa au grainda, ukiwa na barakoa ya vumbi na moshi wa chuma. Pipa la mafuta au kemikali usilikate kwa moto wala grainda, hata kama limekaa tupu muda mrefu. Mvuke uliobaki hulipuka. Nunua lililokwisha kupasuliwa. Kipande cha reli, alama ya barabarani au waya wa umeme usinunue hata kwa bei ya bure, na kwa mzigo mwingine wote dai risiti yenye jina la muuzaji.