Muulize Karani: Mji wa Wachina uliokatazwa wanawake

SWALI: Karani, assalamu alaikum. Juzi barazani kwetu mzee mmoja alisema zamani Wachina walikuwa na mji wa biashara mpakani, na mwanamke haruhusiwi kulala humo. Tulimcheka, akaondoka kahawa yake ikiwa nusu kikombe. Je, kuna mji kama huo? Na nani aliutawala?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikumu salamu. Mfuateni mzee mkamtake radhi. Mji ulikuwepo, ukiitwa Maimaicheng, mpakani mwa Mongolia na Urusi. Mai ni kununua, mai nyingine ni kuuza, tofauti ni sauti tu inavyopanda na kushuka; cheng ni mji wenye boma. (Sisi Waamu tukisikia mai, yaani maji, twatafuta kata ya kunywea.)

Ulizaliwa na mkataba wa Kyakhta wa 1727, kati ya Warusi na dola ya Qing, iliyotawala China na Mongolia. Warusi wakajenga Kyakhta upande wao, Wachina wakajenga Maimaicheng mkabala, katikati pakabaki uwanja mtupu. Mchana watu walivuka kwenda kufanya biashara, jua likizama kila mtu kwao.

Mtawala wake alikuwa afisa aliyeitwa zarguchei, neno la Kimongolia lenye maana ya mwamuzi. Alitumwa na Lifan Yuan, idara ya Beijing iliyoshughulikia Wamongolia na pia Warusi. Aliamua kesi na kusimamia wafanyabiashara, wengi wao watu wa Shanxi, jimbo la kaskazini mwa China. Wanawake walikatazwa humo kama alivyosema mzee; wake na watoto walibaki Shanxi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ujanja wa serikali ulipo: mtu asiye na mke wala mtoto mahali hajengi kwao hapo, na siku akiambiwa ondoka, hana la kusingizia. Na waliambiwa kweli. Beijing ikikasirishwa na Warusi ilifunga soko zima, kama 1762 hadi 1768, na tena 1785 hadi 1792.

Lililonivutia zaidi, mimi niliyekaa bohari miaka 27, ni kwamba pesa ilipigwa marufuku. Mrusi alileta ngozi za manyoya, Mchina akaleta vitambaa na chai, wakabadilishana. Kwanza bei zilihesabiwa kwa vitambaa vya pamba, baadaye kwa chai. Warusi wakafua vyombo vya fedha ovyo ovyo, havifai hata kuwekea ubani, ili fedha ipite kwa jina la bidhaa! Marufuku yenyewe iliondolewa miaka ya 1850. Karani yeyote wa forodha angewaambia mapema kwamba hayo ndiyo yatakayotokea.

Chai hiyo ilipofika Kyakhta, makasha yake yalishonewa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ngozi ikikauka hujikaza, kasha likawa kama ngoma, tayari kwa theluji ya Siberia. Niliposoma hayo niliona uchungu. Mwaka mmoja nilipokea makasha sita ya chai kutoka Mokowe, safari ya nusu saa, yamefunikwa turubai lenye tundu. Nilifungua moja nikakuta donge jeusi lenye harufu ya dagaa. Mwenye mali akanidai mimi.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869 chai ilianza kupakiwa meli, kisha reli ikapita Siberia, soko likanyauka. Mwaka 1921, katika vita vya mapinduzi ya Mongolia, Maimaicheng iliteketea. Leo hapo pana mji wa Altanbulag.

Mzee wenu huenda hakuwaambia kuhusu lugha. Walizungumza Kirusi cha kuungaunga: maneno ya Kirusi, mpangilio wa Kichina. Pita jeti asubuhi wageni wanaposhuka, uwasikilize vijana wetu wa mashua wakipatana bei ya kwenda Manda, utamsikia ndugu yake.