Asiache dawa ya kifafa ghafla, na angalieni ngozi yake

Pole dada. Umeuliza kama mdogo wako aache kabamazepini, dawa yake ya kifafa, kwa sababu tangu aanzishiwe anasinzia mchana na kupata kizunguzungu. Tafadhali asiiache ghafla. Kukatiza dawa hii kunaweza kumfanya aanguke kifafa mfululizo bila kupata fahamu, na hali hiyo huua. Usingizi wa mwanzoni mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Usipopungua, arudi kliniki wampunguzie dozi au wambadilishie taratibu.

Mimi kinachonitia hofu zaidi ni ngozi. Mkagueni kila siku miezi hii ya mwanzo. Akitokwa na vipele, hasa vikija na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au malengelenge, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na mbebe dawa yenyewe daktari aione.

Kingine ambacho wengi hawaambiwi: kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango au kijiti, kabamazepini hupunguza nguvu ya njia hizo na mimba inaweza kuingia. Na wakitaka kumhamishia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, aseme kwanza kama anategemea kuzaa, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.